Fundi, Anza na Mguu

Mwaka 1938 fundi viatu mmoja alinunua jumba. Linaitwa Palazzo Spini Feroni, ngome ya mawe ya karne ya 13 katikati ya mji wa Florence, Italia, kwenye mtaa wa Tornabuoni ambako matajiri wa mji ule walikuwa wakipita kuonyeshana mavazi. Hakuwa na fedha za kulipa kwa mkupuo, akalipa kwa mafungu. Miaka 5 tu kabla ya hapo, mwaka 1933, alikuwa amefilisika. Mtu huyo ni Salvatore Ferragamo, na mpaka leo kampuni yenye jina lake ina makao yake katika jumba hilohilo.

Nakusimulia habari zake kwa sababu naona vijana wetu wenye mikono mizuri kabisa wakianzisha chapa ya viatu vya kifahari kwa kuchora nembo. Nembo kwanza, kisha boksi, kisha picha za kurusha mitandaoni, na mwisho ndipo wanakumbuka kwamba kiatu kina mtu ndani yake. Ferragamo alianzia upande wa pili. Nakuomba na wewe uanzie huko, na nitakueleza kwa nini nina hakika utafika.

Alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Bonito, milimani, kusini mwa Italia, mtoto wa 11 kati ya watoto 14 wa mkulima. Tangu mdogo alitaka ufundi viatu, na wazazi hawakutaka kabisa kusikia. Walikuwa na hoja yao: kijijini kwao kushona viatu kulihesabiwa kazi ya chini, kazi ya aliyekosa nyingine, na ni mzazi gani anayemtakia mwanawe hivyo? Alipokuwa na miaka 9, dada zake walikuwa na sherehe kanisani na nyumbani hapakuwa na fedha ya viatu vya kufaa siku ile. Ilikuwa aibu kubwa. Mtoto akaenda kwa fundi wa kijiji, akaomba vifaa, akakesha anashona. Kulipokucha viatu vilikuwa tayari.

Ndugu yangu unayeshonea chini ya mwembe, barazani kwa mtu, au kwenye kibanda cha mabati pale Kariokor, Nairobi, maneno ya wazazi wale unayajua. Umeambiwa ukatafute kazi ya maana. Umesikia shemeji yako akikutambulisha kwa wageni kuwa una biashara zako ndogondogo, ilimradi asilitamke neno fundi. Lishike neno hilo kwa mikono miwili. Ferragamo hakulikimbia hata alipokuwa na jumba na wateja wa kifalme. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1957 kinamwita mshona viatu tangu kwenye jalada.

Baada ya viatu vile vya dada zake, Ferragamo akaenda kujifunza Naples, akarudi, akafungua duka dogo nyumbani kwa wazazi angali mtoto. Hajafikisha miaka 20 alishavuka bahari hadi Boston, Marekani, ambako kaka yake alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha buti. Mashine zilimstaajabisha kwa kasi yake, lakini viatu zilivyotoa aliviona vizito na vibaya, na akasema waziwazi kwamba huo sio ufundi anaoutaka. Akawashawishi kaka zake wahamie California. Huko, katika mji wa Santa Barbara, wakafungua duka la kutengeneza viatu vilivyoharibika.

Hapo kwenye viatu vilivyoharibika napenda tukae kidogo. Watu wengi humwona mtengenezaji wa viatu vibovu kuwa yuko ngazi ya chini kuliko mshonaji wa vipya. Mimi namwona yuko darasani, tena darasa la bure. Kiatu kilicholetwa kutengenezwa hakidanganyi. Kisigino kimelika upande wa nje: mwenyewe anakanyagia nje, na kisigino kipya cha bapa kitaisha vilevile baada ya muda mfupi. Soli imetoboka mbele, chini ya kidole cha pili: uzito wote unaangukia pale. Ngozi imepasuka ubavuni, penye mfupa uliotokeza chini ya kidole gumba: kiatu kilikuwa chembamba, na dada yule alikuwa akiumia kimyakimya kutwa nzima kazini. Mshono umefumuka ukingoni mwa soli: uzi haukupakwa nta, ukanywa maji, ukaoza. Fundi aliyekaa na msharasi wake pembeni ya stendi ya mabasi anayaona haya kila siku ya Mungu. Akijizoeza kuuliza "kwa nini hapa?" kabla ya kupaka gundi, atajua mambo ambayo mchoraji mwenye kompyuta nzuri hayajui. Nunua daftari. Kila kiatu kinachopita mkononi mwako, andika kimeharibikia wapi, kilikuwa cha ngozi gani, na mwenyewe anafanya kazi ya kusimama au ya kukaa. Mwaka mmoja wa daftari hilo ni mtaji ambao benki haiwezi kukukopesha.

Wakati huo California ilikuwa ndiyo kwanza inakuwa nyumba ya sinema. Kampuni za filamu zilitaka buti za wachunga ng'ombe, zikataka na viatu vya watu wa kale, na kijana wa Bonito akazishona zote. Cecil B. DeMille alipotengeneza filamu ya The Ten Commandments, iliyotoka mwaka 1923, alishonewa viatu na Ferragamo. Mwaka huohuo Ferragamo akafungua Hollywood Boot Shop, akiwa na umri wa miaka 25, na waliokuwa wakiingia mlangoni ni waigizaji kama Mary Pickford, Gloria Swanson na Rudolph Valentino.

Angeweza kutulia hapo, ajipige picha na mastaa, ale maisha. Lakini kuna jambo lilikuwa linamnyima usingizi: viatu vyake vilikuwa vinapendeza, na vilikuwa vinaumiza. Akajiandikisha Chuo Kikuu cha Southern California kusomea maumbile ya mwili wa binadamu. Fundi mwenye duka linalojaa, mwenye wateja ambao dunia nzima inawajua, akaenda kukaa na wanafunzi kujifunza mifupa.

Alichokipata unaweza kukihisi sasa hivi ukivua viatu na kusimama wima. Uzito wa mwili unashuka kwa timazi hadi kwenye upinde wa wayo, pale katikati ambapo unyayo umejiinua haugusi chini. Viatu vya enzi zile vilibeba kisigino na sehemu ya mbele, upinde ukaachwa hewani. Kadiri kisigino cha kiatu kilivyokuwa kirefu, ndivyo mguu ulivyoteleza mbele, vidole vikabanana puani mwa kiatu, misuli ikakakamaa kuzuia mteremko. Ferragamo akatia ubapa mwembamba wa chuma tumboni mwa kiatu, kati ya kisigino na mbele, ukaubeba ule upinde. Mguu ukakaa mahali pake. Vidole vikapata nafasi. Mwanamke akaweza kuvaa mchuchumio jioni nzima na kurudi nyumbani akitembea.

Ubapa ule hauonekani. Umefunikwa na ngozi ya ndani juu, na soli chini. Hakuna mpiga picha anayeweza kuupiga. Lakini ndio uliomfanya mteja arudi, na arudi na dada yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vimeundwa hasa pale ambapo jicho halifiki. Ukitaka kuniuliza anasa ni nini katika kiatu, jibu langu ni hilo: ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu uleule mahali ambapo mteja hatafungua kamwe. Dhahabu kwenye kifungo ni pambo. Mshono wa ndani ulionyooka, ngozi ya bitana isiyochubua, kisigino kisichoyumba baada ya mvua tatu, hayo ndiyo mtu anayalipia hata kama hajui kuyataja. Anajua tu kwamba kiatu chako amekisahau mguuni, na vya wengine anavikumbuka kila hatua.

Mwaka 1927 alirudi Italia. Sababu yake naipenda sana: Marekani kulikuwa na fedha na wateja, lakini hakupata mikono ya kutosha yenye kujua kushona kama alivyotaka. Akachagua Florence, mji wa mafundi, akakusanya watu, akawa anashona huku na kuuza kule. Halafu ikaja mwaka 1929. Uchumi wa Marekani ulianguka, oda zikapungua, na kwa kuwa wateja wake karibu wote walikuwa ng'ambo, hakuwa na pa kushika. Mwaka 1933 akafilisika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichomnunulia jumba: aligeuka akawatazama watu wa nchini kwake. Waitaliano wakaanza kuvaa viatu vyake. Alijenga upya kidogokidogo kwa wateja ambao angeweza kuwafikia bila kuvuka bahari. Nyie mnaoshona makubazi ya ngozi Lamu na Unguja, mnaoshona viatu vya shanga Arusha, somo hili mlilipata mwaka 2020 watalii walipokatika ghafla kwa sababu ya korona. Aliyekuwa na wateja wa mjini kwake alipumua. Aliyeuza kwa wageni peke yao alifunga mlango. Kwa hiyo unapopanga chapa yako ya kifahari, usiwadharau watu wako. Yuko wakili Dodoma, yuko daktari Mombasa, yuko bibi harusi Bukavu anayesafirishiwa viatu kutoka Istanbul na Guangzhou kwa sababu hajaona cha hapa kinachomtosha. Fedha anayo, na tayari anaitoa. Anaitoa kwa mwingine.

Kuna sehemu ya habari hii inayotugusa kwa karibu, na ina uchungu. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yaliivamia Ethiopia. Ulikuwa uvamizi wa dhuluma, uliowaua jirani zetu kwa mabomu na gesi ya sumu, na sitaupamba kwa sababu ya kiatu. Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo vya biashara. Chuma kizuri kikaadimika, na kilichopatikana kikaenda jeshini. Ubapa wa Ferragamo ukakosa chuma cha kuutengenezea. Ugunduzi aliojengea jina ukaondolewa mkononi mwake.

Kama angekuwa anajua chuma tu, pale ndipo hadithi ingekwisha. Lakini alikuwa anajua mguu. Alijua kwamba chuma kilikuwa njia, na tatizo lenyewe ni upinde usio na wa kuubeba. Akachukua gome la mti lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, kutoka kisiwa cha Sardinia, akalikata, akalijaza pengo lote kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Upinde ukalala juu ya kitu kizima. Kiatu kikawa kirefu na chepesi, kisichoyumba. Mwaka 1937 akakisajili kwa hataza. Leo pita Kariakoo, pita Kisangani au Kigali, angalia safu za viatu vya kike: vile vyenye kisigino kilichojaa mpaka katikati ya wayo, vinavyovaliwa ofisini na harusini kwa sababu havichoshi, vimetoka kwenye wazo lile la mtu aliyenyimwa chuma.

Na Waethiopia nao walijibu kwa viatu vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mtaa mmoja wa Addis Ababa, Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha chapa ya soleRebels. Alichukua kiatu cha soli ya tairi, ambacho wapiganaji wa nchi yake waliokataa kutawaliwa na wageni walikuwa wakikivaa, akakishonea juu kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, akakiuza katika nchi nyingi duniani. Jina lenyewe la chapa, "rebels", yaani waasi, linawakumbuka wapiganaji hao. Tairi lilelile ambalo kwetu ni katambuga, linalotembea nyuma ya ng'ombe kutoka Longido hadi Kajiado, na ambalo wengi wetu tunaliona ni kiatu cha asiye na kiatu.

Kwa hiyo naomba usiniambie huna vifaa. Katika miaka ile ya vikwazo na vita Ferragamo alishona viatu kwa katani, kwa rafia, kwa mbao, kwa ngozi ya samaki, hata kwa karatasi ile ang'avu inayofungiwa chokoleti, aliyoisokota na kuifuma mpaka ikashika. Wewe una ukindu ambao akina mama wa Pemba wanausuka mikeka isiyochakaa. Una katani ya Tanga. Una ngozi ya sangara wa Ziwa Victoria, ambayo ikitengenezwa vizuri ni imara na magamba yake yanaacha mchoro ambao hauna haja ya kupambwa. Ila angalia: malighafi nzuri juu ya kiatu kibaya haikiponyi. Shanga zilizobandikwa kwa gundi juu ya soli inayochoma unyayo zitanunuliwa mara moja na mgeni anayepita. Mwenyeji atazipita.

Tuje kwenye ngozi ya ng'ombe, maana hapa ndipo nina la moyoni. Tanzania, Kenya na Uganda zina ng'ombe wengi, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye mifugo mingi zaidi. Kisha fundi wa Dar es Salaam anatafuta ngozi nzuri ya kiatu hadi anachoka, na nyingi ya ngozi zetu zinauzwa nje zikiwa mbichi au nusu zimetengenezwa. Kasoro huanza mapema sana. Mfugaji anapiga chapa ya moto katikati ya ubavu, mahali penye ngozi nzuri. Kupe wanaacha vitundu vinavyoonekana baadaye kama vumbi lisilofutika. Vichaka vya miiba vinachora mistari. Mchunaji, anayelipwa kwa nyama na sio kwa ngozi, anapitisha kisu haraka na kuacha mikato upande wa ndani. Halafu ngozi inatandazwa chini juani, inakauka juu na kuoza ndani.

Kila moja ya kasoro hizo ina mtu unayeweza kwenda kuzungumza naye. Nenda machinjioni alfajiri. Zungumza na mchunaji mmoja, umuahidi nyongeza kidogo kwa kila ngozi isiyo na mkato, na utimize ahadi. Itiwe chumvi siku hiyohiyo. Nenda kiwanda cha ngozi, uombe kuzigeuzageuza na kuchagua mwenyewe, uzishike, uzikunje, uzitazame kwa mwanga wa pembeni. Ngozi ya mgongoni imeshikana, ndiyo ya pua ya kiatu na ya mahali panapoonekana na kukunjika. Ya tumboni inavutika. Ukiikatia pua, baada ya mwezi kiatu kimekuwa mfuko. Fundi anayekata vipande vyote popote ili kubana matumizi amepoteza mteja kabla hajashona hata mshono mmoja. Na kama unataka kuijua ngozi kwa undani, kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha teknolojia ya ngozi na utengenezaji wa viatu. Ferragamo alikwenda darasani akiwa tayari maarufu. Sisi nani tuone haya?

Sasa bei. Naomba unisikilize vizuri. Katika miaka ya 1950 karakana ya Ferragamo Florence ilikuwa na mafundi wapatao 700, na ilitoa takriban jozi 350 kwa siku, zote kwa mkono. Piga hesabu: fundi mmoja, nusu jozi kwa siku. Hakuna mtu aliyekuwa anakimbizana na viatu vya plastiki vinavyoshuka bandarini kwa makontena. Ukijaribu kushindana na makontena hayo kwa bei utashindwa, na ukijaribu kushindana na mitumba utashindwa mara mbili, maana mtumba mzuri una ngozi nzuri na umeshalipiwa na mtu mwingine. Mahali pako ni pale ambapo vyote viwili haviwezi kufika: kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Mafundi wetu wengi hupanga bei kwa kujumlisha ngozi, soli na gundi, halafu wanaongeza "kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho kodi ya banda, ada ya mtoto, umeme, siku za kuugua, na miaka yote uliyotumia kujifunza. Hesabu saa zako. Kama jozi moja imekula siku mbili, basi iuzwe kama siku mbili za mtu mwenye ujuzi adimu. Mteja akisema ghali, mwonyeshe alama ya penseli ya mguu wake na kalibu uliyomchongea. Mweleze kwa upole kazi iliyofanyika. Wengine wataondoka. Waache waondoke kwa heshima, maana kila ukimshushia mmoja hadi ukapata hasara, lazima uibe mahali fulani kwenye kiatu cha anayefuata, na utaibia kulekule kusikoonekana.

Ferragamo alikuwa anatunza kalibu za mbao za wateja wake, kila mmoja na yake, zikiwa na majina: Audrey Hepburn, Marilyn Monroe, Sophia Loren. Mguu ukibadilika kwa umri au uzazi, kalibu huongezwa kwa vipande vya ngozi mpaka ilingane. Hilo ni jambo ambalo fundi wa Tabora anaweza kulifanya kesho. Seremala yupo. Mti upo. Mteja aliyeona mguu wake umening'inizwa ukutani kwako, na jina lake limeandikwa, hatakwenda kwingine kirahisi.

Na jina lako mwenyewe ulilinde mapema. Kalisajili liwe alama ya biashara: ofisi ya Tanzania Bara ni BRELA, ya Zanzibar ni BPRA, ya Kenya ni KIPI. Ferragamo aliacha hataza kwa mamia, kwa sababu alijua kwamba kitu kizuri huigwa kabla ya wino kukauka. Usingoje uwe mkubwa. Anayengoja kuwa mkubwa hukuta jina lake limeshawahiwa na jirani mwenye mashine ya kuchapa.

Mwaka 1947 huko Dallas, Marekani, alipewa tuzo ya Neiman Marcus, mwaka uleule aliopewa mbunifu wa mavazi Christian Dior. Kiatu kilichomletea tuzo kilikuwa sandali ambayo sehemu yake ya juu ilitengenezwa kwa uzi wa nailoni, ule wa mishipi ya kuvulia samaki, ukipita juu ya mguu bila kuonekana. Uzi huo unauzwa Feri, unauzwa Kirumba, unauzwa Kalemie. Miaka 14 baada ya kufilisika alisimama mbele ya watu wa mitindo wa dunia akiwa ameshika uzi wa wavuvi.

Alifariki mwaka 1960. Mkewe, Wanda, alikuwa hajawahi kufanya kazi ya ofisi, ana watoto 6, na watu walitegemea angeuza kampuni. Hakuuza. Aliishika, akailea na watoto wake, ikakua kupita alivyoiacha mumewe. Aliweza kwa sababu ujuzi ulikuwa umeshamiminwa katika mikono ya watu wengi mle karakanani. Wewe unayeficha namna unavyokata pua ya kiatu ili msaidizi wako asije akakuacha, fikiria upya. Mfundishe. Akiondoka, mfundishe mwingine. Chapa inayokaa kichwani mwa mtu mmoja hufa siku anayougua malaria.

Basi Jumamosi hii mpigie simu mtu mmoja, mteja anayekuheshimu, umwambie unataka kumshonea jozi bora kuliko zote ulizowahi kushona. Aje alasiri, maana mguu wa asubuhi ni mdogo kuliko wa jioni. Msimamishe kwenye karatasi, uzito wake wote chini, peku. Penseli iwe wima unapoizungusha, isiingie chini ya upinde. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa hailingani. Kiatu kifuate mkubwa. Zungusha tepu penye upana wa vidole, tena juu ya upinde, tena kisiginoni. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba, umuulize panapouma, umuulize kazini anasimama saa ngapi, uandike yote. Mwonyeshe ngozi, aishike mwenyewe. Kisha mtajie bei yako ya haki, na ukishaitaja, tulia. Usiishushe kabla hajajibu.